Ritani ya KRA: angalia barua pepe kwanza

Jamani wa Malindi, kabla hamjakimbilia saiba (duka la intaneti) kujaza ritani, yaani taarifa ya mapato na kodi ya mwaka kwa KRA, Mamlaka ya Mapato ya Kenya, hebu tazameni PIN yenu (namba ya mlipakodi) imesajiliwa kwa barua pepe ya nani. Wengi wetu tulifunguliwa na kijana wa saiba, akaweka yake. Ukisahau nywila ya iTax, tovuti ya kodi ya KRA, mpya inatumwa kwake, nawe hujui hata kahamia wapi. Dawa ni kwenda ofisi ya KRA mwenyewe na kitambulisho, uombe ibadilishwe. Usimlipe mtu wa mlangoni, huduma ni bure.

Na wewe wa mshahara, usikubali kujaziwa "nil" eti ndiyo rahisi. Hiyo ni ya asiye na kipato. Mdai mwajiri mapema fomu ya P9, inayoonyesha mshahara wako na kodi uliyokatwa mwaka mzima, ujaze kama ilivyo. Kama nil ilishatumwa kimakosa, iTax ina nafasi ya kutuma ritani ya marekebisho.

Mwisho ni 30 Juni. Ukichelewa, faini ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi, ile iliyo kubwa. Wiki ile ya mwisho mtandao hukwama, foleni ikafika juani. Mimi huenda Machi.