Namna ya Kupanga Fedha za Makao ya Punda Kisiwani Lamu

Kabla ya kumpokea punda wa kwanza aliyetelekezwa, piga hesabu ya maisha yake yote, kwani punda anayetunzwa vyema huweza kuishi zaidi ya miaka 30, ilhali mfadhili aliyeguswa leo na picha ya kidonda huenda mwakani asionekane.

Anza na chakula, ambacho ndicho kinachomeza fedha nyingi. Punda wa kilo 150 akila kilo 3 za nyasi kavu kwa siku, punda 10 watamaliza kilo 900 kwa mwezi, na kwa kuwa kisiwani mizigo mingi huletwa kwa chombo, nauli huongezeka juu ya bei ya kila robota. Nunua nyasi mvua za masika zinapomalizika, wakati bei iko chini, kisha uzipange juu ya vichanja, mbali na sakafu yenye unyevu. Robota likifunguliwa na vumbi jeupe likapaa pamoja na harufu ya uvundo, litupe bila kusita. Ukilitumia, utamlipa daktari wa mifugo zaidi ya ulichookoa.

Kwato hupunguzwa kila baada ya wiki 6 hadi 10, na gharama hiyo haiahirishwi, sawa na chanjo ya pepopunda, maradhi ambayo jina lake pekee lingetosha kumkumbusha mtunzaji.

Mwenye punda anayeleta mnyama kutibiwa achangie chochote, hata kidogo, kisha arudishiwe mnyama akipona. Nafasi zikijaa, kataa.