Mchanga wa tangi la sikilidi wa Ziwa Tanganyika

Kama unafuga sikilidi (cichlid, jamii ya samaki) wa Ziwa Tanganyika kwenye tangi la kioo, anza na mchanga jamani, maana hawa samaki wanachimba balaa, wengine kama Xenotilapia wanaubugia mdomoni wanachuja msosi halafu mchanga unatokea kwenye matamvua, sasa ukiwa na ncha kali unawachubua. Usugue kati ya vidole, ukikwaruza achana nao hata kama wa bure.

Pia dondoshea siki, ukitoa povu una chokaa na kwa hawa ni poa kabisa, ziwani kwao maji ni magumu, yaani yana madini mengi kama ya chokaa, na pH (kipimo cha asidi na alkali) ni 8 mpaka 9. Osha mpaka maji yatoke masafi. Mawe yatangulie, yakae kwenye kioo chenyewe cha chini ya tangi ndo umwage mchanga sentimita 4 hivi, la sivyo wakichimba chini jiwe linawaangukia.