Somo: Kununua kamera ya kwanza kwa pesa ya kawaida (maliza kusoma ndipo uulize)

Ujumbe ni uleule kila siku: "Mkuu, nina laki saba, nichukue kamera gani?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo naandika mara moja. Naongelea mtumba, zile za lenzi ya kubadilisha. Mwenye uwezo wa kununua mpya hanihitaji.

Hatua ya 1. Amua utapiga nini zaidi: harusi, bidhaa, au video.

Hatua ya 2. Gawa pesa kabla hujatoka nyumbani. Hiyo laki saba ni ya bodi (kamera yenyewe bila lenzi), lenzi, memori kadi, betri ya pili na begi. Dalali atataka uimalize yote kwenye bodi. Kataa.

Hatua ya 3. Chagua bodi. Kwa anayeanza natuma watu kwenye Canon 600D (ya 2011) au 700D (ya 2013). Zote zina megapikseli 18, zinazotosha hata picha ya A3 ya ukutani, skrini ya nyuma inayogeuka, tundu la maiki na betri ya aina moja, LP-E8. Wa video aiache 1200D, haina tundu la maiki. Kwa Nikon, D3300 inalo, D3400 iliyoifuata haina, kwa hiyo upya si hoja. Majina nayo yasikubabaishe: 600D iliyotoka Marekani imeandikwa Rebel T3i, ya Japani Kiss X5. Ni kamera ileile. Sony zilizouzwa Japani washa kwanza uone lugha, maana nyingi zina menyu ya Kijapani peke yake.

Hatua ya 4. Uliza shata (pazia la ndani linalofunguka kila unapopiga picha) imefyatuka mara ngapi. Kwa Nikon, namba hiyo imo ndani ya faili la picha. Chukua faili halisi kutoka kwenye kadi, si lililopita WhatsApp. Canon nyingi zinahitaji waya na programu ya kompyuta.

Hatua ya 5. Kagua lenzi. Hapa ndipo pesa yangu ilipoliwa, kwa hiyo nitakaa kidogo. Ng'oa lenzi kwenye bodi, vua vifuniko vya mbele na nyuma, sogea kwenye kiza. Washa tochi ya simu upande wa nyuma, chungulia kwa mbele, kisha uitembeze tochi kwa mshazari. Vumbi ni vidoa vilivyotawanyika, halina neno. Unachotafuta ni kuvu: nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, mara nyingi zikianzia ukingoni kuelekea katikati. Weupe hafifu uliotanda kioo kizima nao ni ugonjwa, picha zitatoka zimefifia kila ukielekea kwenye mwanga. Lenzi ya Canon ikitoka kwenye bodi tundu lake la kupitisha mwanga hubaki wazi, utaona mpaka ndani. Ya Nikon hujifunga, kwa hiyo sukuma kwa kidole kile kijiti kidogo cha nyuma, taratibu, vinginevyo utakagua tundu la sindano na kusema ni safi.

Tahadhari. Muuzaji akisema "hilo linafutika", mwambie alifute mbele yako. Hawezi, kuvu iko katikati ya vioo. Kuifungua lenzi ya 18-55, ile ya kawaida inayokuja na kamera, ni gharama isiyolipa, na kuvu iliyokaa muda mrefu huwa imeshakula rangi ya juu ya kioo, hivyo hata ikisafishwa alama inabaki. Usikague juani saa saba Kariakoo wala chini ya taa kali za duka, huko kila lenzi ni safi. Picha ya haraka kwenye kioo cha kamera pia si ushahidi. Bodi chakavu yenye lenzi nzima nachukua. Bodi inayong'aa yenye lenzi ya kuvu naiacha hapohapo.

Hatua ya 6. Piga ukuta mweupe kwa f/22 (tundu la lenzi likiwa dogo sana), kuza picha. Madoa meusi ni vumbi la sensa (kipande cha ndani kinachopokea picha), linasafishika, omba upunguziwe bei.

Hatua ya 7. Bonyeza kila kitufe, jaribu flashi, chomeka chaja, dai risiti yenye namba ya bodi.

MASWALI

Mdau, Mbagala: Somo zuri mkuu. Sasa mimi nina laki saba, nichukue ipi?
Jibu: Hatua ya 3.

Mdau, Tanga: Shikamoo mwalimu. Ninakaa karibu na bahari, lenzi yangu bado safi. Niitunzeje? Na kuvu inaambukiza?
Jibu: Marahaba. Mbegu za kuvu zipo hewani kila mahali, kinachoamua ni unyevu na giza. Begi lililofungwa miezi kadhaa ndiyo nyumba yake. Weka lenzi kwenye kopo la plastiki linaloziba vizuri, pamoja na silika jeli (punje za kunyonya unyevu) ile ya rangi. Ikibadilika rangi, ikaushe kwa moto mdogo. Vifuko vya kwenye maboksi ya viatu huwa vimeshanyonya unyevu. Mchele usiweke, una vumbi. Itoe uitumie mara kwa mara. Na ukitoka chumba cha AC, iache begini kwanza izoee joto, la sivyo itatoka jasho.

Mdau, Arusha: Simu yangu ina megapikseli 108. Takataka ya 2011 ya nini?
Jibu: Piga na simu, sijamkataza mtu. Hizo 108 kwa kawaida simu yenyewe huziunganisha ikakupa 12. Sensa ya 600D ni kubwa mara kadhaa. Tukutane ukumbini usiku bila flashi.

Mdau, Mombasa: Naongezea: memori kadi fake ni nyingi. Mimi hujaza kadi yote kwa programu ya H2testw kwenye kompyuta, inaandika kisha inasoma. Yangu ya "128" ilibeba 8.
Jibu: Asante dada, hili nililisahau. Fanya kabla ya harusi, si baada.

Mdau, Dodoma: D3300 yangu na 50mm f/1.8D haitafuti fokasi. Nimeuziwa mbovu?
Jibu: Si mbovu. D3300 haina mota ya fokasi ndani, na lenzi hiyo inaitegemea. Rudisha, omba iliyoandikwa AF-S, yenye mota yake. Wakikataa, zungusha kwa mkono ukiangalia kitone cha kijani ndani ya dirisha la kuchungulia, upande wa chini, kikitulia, piga.