Kagua miguu yako jioni hii: ipi utibu nyumbani, ipi uikimbize hospitali

Mzee mmoja, mvuvi wa Kibirizi, aliingia kliniki akiwa na katambuga, vile viatu vya tairi, miguuni, akaketi, akasema amekuja kupima sukari tu. Nilipomwomba avue, ya kushoto ilitoka, ya kulia ikagoma. Msumari wa barabarani ulikuwa umetoboa tairi ukazama kwenye wayo, mguu na kiatu vikawa kitu kimoja. "Sista, mbona hapaumi?" akaniuliza, kama vile mimi ndiye niliyeficha maumivu yake. Alikuwa ametembea nao tangu juzi.

Mimi ni muuguzi, niko kliniki ya kisukari hapa Kigoma, na sehemu kubwa ya siku yangu ni miguu. Kuna nchi zenye daktari ambaye kazi yake ni miguu peke yake. Huku mwisho wa reli kazi hiyo tumegawana: nesi, tabibu, daktari wa upasuaji, na kwa kiasi kikubwa wewe mwenyewe. Ndiyo maana naandika hatua hizi. Mguu unaouma utakuleta wenyewe. Mimi nahofia ule ulionyamaza, uliokufa ganzi kwa kisukari.

Hatua ya 1: Beseni, kioo na jua la saa kumi

Usikague miguu usiku kwa tochi ya simu. Kaa barazani saa kumi jioni jua likiwa bado lina nguvu, uwe na beseni, sabuni ya kawaida, kitambaa safi na kioo kidogo cha kunyolea ndevu. Maji yawe vuguvugu. Kama una kisukari au ganzi usiyapime kwa mguu, utakudanganya; tumbukiza kiwiko, au mwite mtoto akupimie. Osha, toa, kausha. Katikati ya vidole pakaushwe kidole kwa kidole, maana hapo ndipo taulo hupita juu juu.

Vua miguu yote miwili. Hili nimejifunza kwa kukosea. Mwaka wangu wa kwanza kazini alikuja mama mmoja analalamikia kisigino cha kushoto. Nikakitazama, nikamfundisha mazoezi, akaenda zake. Baada ya wiki mbili karudi, safari hii ni mguu wa kulia: kidonda chini ya kidole gumba, kimezama ndani. Nilipomhoji vizuri nikajua kilikuwepo hata siku ile ya kwanza, ndani ya soksi. Hakukitaja kwa kuwa hakikumuuma, na mimi sikumvua.

Hatua ya 2: Angalia

Anza katikati ya vidole, hasa kati ya cha nne na cha mwisho. Ngozi nyeupe, iliyolainika kama imelowekwa, inayochubuka, kuwasha na kunuka, hiyo ni fangasi. Inawapenda wanaoshinda majini na wanaoshinda ndani ya buti: wachuuzi wa mwaloni (soko la samaki ufukweni), wakamuaji wa mawese, walinzi wa usiku.

Pembeni mwa kucha na kwenye kisigino tafuta funza. Ni nukta nyeusi katikati ya duara jeupe, mfano wa jicho la dagaa. Kwanza inawasha, baadaye inauma. Funza si mwenyeji wetu. Alitoka Amerika, akashukia Angola kwa meli mwaka 1872, akavuka bara na misafara mpaka akafika kwetu. Wapo wanaosema funza ni uchafu wa mtu, siwakubalii. Funza ni sakafu ya vumbi, na nguruwe, mbwa na panya wanaolala karibu na watu. Ukimcheka mtoto mwenye funza, kesho atakuficha miguu.

Sasa weka kioo chini, utazame nyayo. Ngozi ngumu iliyokomaa mahali kiatu kinapobana ni sugu. Ukiibonyeza wima ndipo inauma. Chunjua ni tofauti: ukiiminya kutoka pembeni, kama unavyominya chunusi, ndipo unaruka, na mara nyingi ina vinukta vyeusi ndani. Watu wengi wanachanganya hivi viwili, wanakata chunjua kwa wembe wakidhani ni sugu, wanaishia kutoka damu bure. Lakini sugu yenye weusi wa damu ndani yake, kwa mtu mwenye ganzi, usiihesabu kuwa sugu. Ichukulie kuwa chini yake kuna kidonda mpaka mhudumu aione.

Panda juu ya mguu kidogo. Doa lililopauka au jekundu ambalo ukiligusa na pamba huhisi kitu, lipeleke likaonwe, kwa sababu ukoma bado upo. Dawa zake hutolewa bure, na akitibiwa mapema mtu hapotezi vidole.

Hatua ya 3: Gusa

Pitisha mgongo wa kiganja chako juu ya mguu mmoja, kisha mwingine, sehemu ileile. Joto lilingane. Mguu mmoja ukiwa wa moto kuliko mwenzake, kumbuka hilo, nitalirudia.

Mapigo ya damu tafuta juu ya wayo, kwenye mfereji kati ya mfupa wa kidole gumba na wa kidole cha pili. Weka vidole viwili kwa wepesi, ukikandamiza utayazima. Usipoyapata usihangaike sana, hata sisi wakati mwingine hutuchukua muda. Ila mguu ulio baridi, umepauka, usio na mapigo, hilo si jambo la kusubiri.

Kisha jaribio la vidole sita, ambalo halihitaji kifaa chochote. Lilitoka kwenye hospitali ya Ipswich, Uingereza, likachapishwa mwaka 2011. Anayekaguliwa alale au anyooshe miguu, afumbe macho. Msaidizi aguse ncha ya kidole cha mguu kwa ncha ya kidole chake cha shahada, wepesi wa nzi kutua, sekunde moja au mbili tu. Asisukume, asigonge, asitekenye. Mpangilio ni huu: gumba la kulia, kidole cha mwisho cha kulia, gumba la kushoto, kidole cha mwisho cha kushoto, cha kati cha kulia, cha kati cha kushoto. Kila anapohisi aseme "kulia" au "kushoto". Akikaa kimya usirudie kidole hicho, hata kama unamwonea huruma. Akikosa viwili au zaidi kati ya sita, hisia zimepungua. Wajukuu wanalipenda jaribio hili, wanadhani ni mchezo. Waacheni wamfanyie babu kila mwezi.

Mwenye kisukari, hata akipata sita kwa sita, miguu yake ikaguliwe na mhudumu wa afya angalau mara moja kwa mwaka. Aliyekosa viwili, arudi mara nyingi zaidi kadiri atakavyopangiwa.

Hatua ya 4: Unayoweza kutibu mwenyewe

Hatua hii ni kwa asiye na kisukari wala ganzi, na ambaye ngozi yake haijafunguka. Wengine rukeni moja kwa moja hatua ya 5.

*Magaga.* Kiangazi, Juni hadi Septemba, nusu ya foleni yetu ni visigino vilivyopasuka. Loweka dakika kumi, sugua taratibu kwa jiwe la kusugulia, kausha, paka mafuta mazito ngozi ikiwa bado na unyevu, vaa soksi ulale. Vaselini inatosha. Mafuta ya mise (kokwa za mchikichi) nayo hayana ubaya, bei yake sokoni unaijua. Usipake katikati ya vidole, pale tunataka pakavu. Na usikwangue kwa wembe.

*Fangasi.* Krimu ya klotrimazole mara mbili kwa siku, kwa wiki nne. Watu huacha siku ya tano muwasho ukiisha, halafu wanasema dawa ni feki. Viatu vianikwe juani, soksi zibadilishwe kila siku, na ndala za bafuni kila mtu awe na zake. Ikigoma baada ya wiki nne, nenda zahanati.

*Kisigino kinachouma ukiamka.* Hatua za kwanza kutoka kitandani zinachoma kama umekanyaga kokoto, ukitembea kidogo panaachia, jioni panarudi. Ni ule mshipi mpana wa chini ya wayo umechoka, kwa kawaida kwa aliyesimama kutwa au anayevaa ndala zilizokwisha. Kabla hujashuka kitandani, kunja mguu juu ya goti, vuta vidole kuelekea kwako, hesabu kumi, achia. Rudia mara kumi. Jioni bingirisha chupa ya maji yaliyoganda chini ya wayo. Kuwa mvumilivu, huchukua miezi, ila wengi hupona bila sindano wala kisu.

*Kucha.* Kata moja kwa moja, usichimbe kona. Wale vijana wanaozunguka mtaani na kikapu cha rangi na beseni wanajua kupendezesha, sina ugomvi nao, lakini wanapenda kuchimba kona, na kifaa kile kimetoka kwenye mguu wa mtu mwingine. Nunua chako, uwape wakutumie. Kona ikivimba kidogo bila usaha, loweka maji ya vuguvugu yenye chumvi mara mbili kwa siku, vaa ndala siku chache.

*Funza.* Mmoja au wawili wanaweza kutolewa nyumbani kwa sindano mpya, ngozi ikisafishwa kabla na baada. Usishirikiane pini na watoto wa jirani, mnagawana homa ya ini na virusi vya ukimwi. Usimwagie mafuta ya taa wala petroli. Hakikisha chanjo ya pepopunda haijapitwa. Wakiwa wengi, au miguu imeoza na inanuka, mpeleke zahanati.

Hatua ya 5: Usisubiri

Nenda leo hii, si kesho sokoni ukipita, kama unaona mojawapo ya haya:

- kidonda chochote kwa mwenye kisukari au ganzi, hata kikiwa kidogo kama punje ya mchele na hakiumi;
- kidole kimegeuka rangi, buluu au cheusi, au mguu umekuwa baridi ghafla;
- wekundu unaopanda kuelekea juu, usaha, harufu mbaya, au homa pamoja na kidonda;
- kitu kimezama ndani: msumari, mwiba, mfupa wa samaki;
- mguu mmoja wa moto, mwekundu na umevimba, kwa mwenye kisukari, hata bila kidonda wala maumivu.

Hilo la mwisho ndilo nililosema nitalirudia. Mifupa ya mguu wenye ganzi inaweza kuvunjika na kulegea kimyakimya huku mtu anautembelea, mpaka wayo unabadilika umbo kabisa. Wanadhani wametegua, wanachuliwa kwa mafuta. Msichue. Usiukanyage mguu huo hata kwenda chooni bila msaada, mpaka upigwe picha na daktari auone.

Ndani ya wiki hii: kucha iliyozama yenye usaha, chunjua zinazoongezeka, kisigino ambacho hakijapata nafuu yoyote baada ya wiki sita za mazoezi, gumba lililovimba ghafla usiku na hata shuka likiligusa unapiga kelele (huenda ni gauti), na miguu inayowaka moto usiku kwa mtu ambaye hajawahi kupima sukari. Huyo wa mwisho apime sukari kwanza kabla ya kununua dawa yoyote ya kupaka.

Anza zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, wakupe rufaa. Kwa waliopo Kigoma mjini hospitali ya rufaa ya mkoa ni Maweni, kwa ndugu zetu wa Tabora ni Kitete. Kidole kikiwa cheusi, barua ya rufaa isikucheleweshe.

Hatua ya 6: Kabla hujatoka nyumbani

Osha kidonda kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, funika na shashi au kitambaa kilichopigwa pasi. Basi. Usifungue zile kapsuli za rangi mbili ukamwagia unga wake. Unaganda, unafunika usaha, na mimi kazi yangu ya kwanza inakuwa kuuloweka. Majivu, dawa ya meno na unga wa betri navyo vibaki vilipo. Msumari uliozama usiuchomoe, na usiutembelee mguu huo: panda bajaji, au ubebwe kwa bodaboda mguu usiguse injini. Mwenye ganzi huungua kwenye ekzosi asijue.

Beba kadi ya kliniki, dawa zote unazotumia pamoja na za mitishamba, hatutakugombeza. Na beba kiatu ulichokuwa umevaa. Nitakigeuza, nitaingiza mkono ndani, nitakilinganisha na mguu wako uliochorwa kwenye karatasi; mchoro ukizidi soli, kiatu kinakubana hata kama huhisi.

Katambuga ya kulia ya mzee wa Kibirizi tulilazimika kuikata. Wiki iliyofuata nikamwambia aje na ile ya kushoto, akacheka, akasema hiyo nzima, fundi kaigonga juzi tu. Nilipoingiza mkono, ncha ya msumari wa fundi ilikuwa imeshaanza kuchomoza kwa ndani, chini kabisa ya gumba.