Kumtafuta jirani wa Jua ukiwa Kalangala

Jirani huyo ni Alpha Centauri, kundi la nyota lililo karibu zaidi na Jua letu. Ukiwa Kalangala, visiwani katika Ziwa Victoria nchini Uganda, ngoja usiku usio na mwezi, katikati ya Juni. Saa 4 usiku shuka ufukweni upande unaotazama kusini, ziwa likiwa wazi mbele yako. Zima simu, kaa dakika 20 macho yazoee giza. Taa za wavuvi wa mukene (dagaa) usizitazame, zitakuharibia kazi yote.

Sasa nyosha mkono, kunja ngumi, pandisha ngumi 3 kutoka pale maji yanapokutana na mbingu. Utakuta nyota 2 kali zimekaa bega kwa bega, na kulia kwake Msalaba wa Kusini, nyota zilizojipanga kama msalaba. Ile ya kushoto, yenye umanjano kidogo, ndiyo Alpha Centauri.

Jicho linaona nukta moja, kumbe ni nyota 2 zinazozungukana. Ya tatu, Proxima, ni hafifu mno, haionekani bila darubini. Lakini moyo wangu uko kwake: mwaka 2016 ilitangazwa kuwa ina sayari inayoizunguka kwa siku 11 hivi, kwa umbali ambao maji yangeweza kuwa maji, si barafu wala mvuke. Ila Proxima hulipuka vikali, na huenda imeunguza hewa yote ya sayari hiyo.

Binti yangu wa miaka 9 aliniuliza kama kuna wenzetu kule. Tukahesabu: tukiita leo kwa redio, wito uchukue miaka 4 na robo kufika, wakajibu papo hapo, jibu lichukue muda uleule kurudi, jibu litamkuta na miaka 17 na nusu.

Akainua mkono, akaipungia.