Namna ya Kutenga Siku Moja ya Wema katika Juma

Chagua siku moja katika juma, na uitunze kama mkulima anavyoitunza siku ya gulio. Mimi nilichagua Jumamosi, kwa kuwa siku nyingine naamka ukungu ukiwa bado umeufunika mlima Loleza hapa Mbeya, nakimbilia daladala ya Mwanjelwa, na jioni narudi nyumbani nimechoka, pasipo kukumbuka uso wa yeyote niliyemsalimu.

Siku moja inatosha. Mwanasaikolojia wa Marekani, Sonja Lyubomirsky, na wenzake walieleza mwaka 2005 jaribio ambalo wanafunzi walitenda mambo matano ya wema kila juma kwa majuma 6; walioyatenda yote katika siku moja furaha yao iliongezeka, ilhali walioyatawanya katika juma zima hawakupata ongezeko hilo. Waandishi hao walidhani kwamba matendo madogo yakitawanywa humezwa na mazoea, na naamini hivyo ndivyo ilivyo.

Anza na salamu. Ukiwa Rungwe utasema “Ugonile”, ukiwa Iringa utasema “Kamwene”, lakini popote ulipo simama kwanza, kwani anayesalimu huku anatembea hangoji jibu, na mwenzake hulitambua hilo mara moja.

Kisha uliza kinachohitajika kabla ya kukipeleka. Mwezi Juni mwaka jana, baridi ilipokuwa kali, nilitaka kumnunulia bibi jirani yangu blanketi. Nilipomwamkia shikamoo na kumuuliza hali, akanijibu, “Marahaba, mjukuu wangu. Blanketi ninalo, ila magogo haya yamenishinda.” Nikaazima shoka. Lilikuwa gogo la mkaratusi lenye mafundo, na bibi, akiwa amejifunga kitenge juu ya sweta, alinionyesha kwa fimbo mahali pa kupiga ili lipasuke kwa kufuata nyuzi zake. Nilipomaliza alifukua majivu jikoni, akatoa viazi viwili vilivyoiva, akavipangusa kwa kiganja na kunipa kikubwa. Nilitaka kukikataa, nikijua hana vingi. Nashukuru kwamba sikukikataa. Ukipewa, pokea kwa mikono miwili, kwa maana anayepokea tu bila kuruhusiwa kutoa huanza kujiona mzigo.

Matendo mengine yasikusumbue akili: kununua kwa mama wa maparachichi bila kumbana bei, kumpisha mzee kiti, kumpigia simu shangazi uliyemsahau. Usipige picha, wala usikope fedha ili uonekane mkarimu. Usiku, kabla ya kulala, mkumbuke mmoja mmoja uliyekutana naye na neno alilokuambia.

Jumamosi iliyofuata nilipita kwa bibi nikiwa sina shoka wala kazi yoyote ya kumfanyia, naye akanisogezea kigoda karibu na moto.