Kinyozi wa bei au mashine yako?

Jamani wa Malindi, kama wewe ni wa kipara au kupunguza zote sawasawa tu, nunua mashine yako kijana akunyoe hapo barazani, nywele zinaota kama sentimita moja kwa mwezi na joto hili la kaskazi utataka kunyoa kila wiki mbili, sasa piga hesabu ya mwaka. Lakini fedi, ule mtindo wa nywele kupungua taratibu pembeni, na laini ya mbele mwachie fundi, mimi nilijaribu na kioo siku moja kabla ya Idi nikashinda na kofia mpaka ndani ya nyumba wallahi. Na popote uendapo dai wembe mpya na mashine ipigwe spiriti mbele ya macho yako, mimi nilinyamaza nikaota vipele kisogo kizima.